Namba ya Darajani

Jumatatu, 3 Juni

Tudur, anayesimamia upimaji wa maji wa Ushirika wa Eilyn, amenipa daftari la kuandikia vipimo vya maji. Lina safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya mvua, na mwisho kabisa kuna kisanduku cha "maelezo mengine" ambacho hakitoshi hata jina la mtu. Mimi nilifanya kazi posta ya kijiji cha Llaneilyn miaka thelathini na mmoja, nimezoea kuandika. Nimenunua daftari langu mwenyewe, hili hapa.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumatatu asubuhi nateka chupa tatu kwenye kijito cha Eilyn: ya kwanza juu ya shamba la Idwal, ya pili darajani chini ya nyumba yangu, ya tatu pale kijito kinapoingia baharini. Naingia majini na gambuti, natazama kule maji yanakotoka, nangoja tope nililotibua lipite, kisha nazamisha chupa. Saa nne Tudur anapita na gari, anazitia kwenye kisanduku cha barafu na kuzipeleka maabara. Alhamisi ananipigia simu kunisomea namba, yaani idadi ya vijidudu vya kinyesi. Chini ya mia tisa ni salama. Namba ya darajani ikishuka na kukaa chini ya hapo mpaka Septemba iishe, fungu la kombe, yaani ule mchanga wa pwani wenye kombe wa kuliwa, litafunguliwa. Limefungwa mwaka wa pili sasa, na Nesta na wenzake, ambao mama zao na bibi zao waliokota kombe pale, wanatandika vitanda hotelini.

"Wewe ndiye unayefaa, mama," Tudur aliniambia. "Unakaa karibu na maji, halafu huna…" Akajifanya anatafuta kalamu.

Alitaka kusema sina mtu. Ni kweli sina. Machi iliyopita Gwilym, mume wangu, alitimiza miaka mitatu kaburini.

Alhamisi, 6 Juni

Juu ya shamba 280. Darajani 4,100. Baharini 2,600.

Kati ya chupa ya kwanza na ya pili kuna Pant-glas, shamba la Idwal lenye ng'ombe mia moja na ishirini, halafu niko mimi na paka. Sihitaji kwenda chuo kujua wanaoharibu maji ni nani.

Ijumaa, 7 Juni

Idwal amekuja na maziwa kama kila Ijumaa. Ana miaka sabini na mmoja, hajaoa, na huwa anasimama mlangoni kwa sababu ya viatu vyake, akinywa chai huku amejiegemeza kwenye fremu kama farasi. Huyu ndiye mgeni wangu wa wiki. Hakuna mwingine.

"Ehe, Meinir Posta. Umekuwa daktari wa maji."

"Na ng'ombe zako ndio wagonjwa wangu."

"Ng'ombe wangu wana afya kukuzidi." Akacheka, akaondoka. Nilisuuza kikombe chake, nyumba ikanyamaza.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua. Chupa tatu.

Jumatano, 19 Juni

Mkutano wa Ushirika wa Eilyn kwenye ukumbi wa kanisa: wakulima upande wa dirishani, waokota kombe upande wa mlangoni, keki ya zabibu katikati. Nesta ana sauti ya kuitia watu walio upande wa pili wa ghuba, na aliitumia yote.

"Idwal Pant-glas, mimi sitaki maneno. Ng'ombe zako zinakunya kwenye sahani yangu. Basi."

"Nitaweka uzio," Idwal alisema, masikio yamemwiva. "Na dimbwi la samadi nitalifunika. Nipeni mwezi."

Kisha Tudur akagawa fomu za matangi ya vyoo, kwa kuwa huku juu hakuna bomba la majitaka la mji na kila nyumba ina tangi lake. Swali lilikuwa moja: hali ya tangi lako ikoje? Watu wote ukumbini wakaandika "nzuri" bila kuinua kichwa, maana nani ataandika vinginevyo mbele ya majirani? Mimi niliandika: "Nzuri sana. Lilijengwa na mume wangu." Nikapigia mstari.

Alhamisi, 27 Juni

Darajani 3,800. Jua kali.

Ijumaa, 12 Julai

Idwal alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. Anachimbia nguzo za uzio mwenyewe, mikono imechubuka. Nilikuwa karibu kumhurumia. Kisha akasema, akitazama ndani ya kikombe:

"Lile tangi lenu. Ulilitazama lini?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Gwilym alilijenga kwa mikono yake, mwaka tuliohamia hapa. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, ndiyo."

"Basi unajua lilivyo."

Akamalizia chai, akaenda zake. Nimekasirika mpaka sasa. Mtu ana ng'ombe mia na ishirini halafu anamtupia lawama mjane mmoja! Gwilym hakuwahi kufanya kazi nusunusu. Hata rafu za jikoni alizipima mara tatu.

Alhamisi, 25 Julai

Uzio umekwisha, dimbwi limefunikwa, wiki mbili hakuna tone la mvua. Darajani 5,300.

"Sielewi," Tudur alisema kwenye simu. "Kukiwa kavu, samadi haisombwi. Namba ilitakiwa ishuke."

"Idwal anatiririsha kwa siri," nilisema.

"Usiseme hivyo, mama."

Nimekwishasema.

Ijumaa, 2 Agosti

Kesho naenda Eisteddfod, mwaka huu iko kaskazini. Mimi na Gwilym hatukukosa hata moja: wiki nzima ya mashairi, kwaya na matope, tukilala kwenye karavani yake ndogo, ile nyumba ya kukokotwa na gari. Miaka mitatu sijaenda. Sasa kwaya ya kanisa imenialika, na nimeona haya kukataa tena.

Nani atateka maji Jumatatu? Tudur ana harusi, Nesta yuko zamu. Amebaki Idwal. Nilimwonyesha mara mbili jinsi ya kushika chupa.

"Nimekamua ng'ombe miaka sitini," alisema. "Kujaza chupa nitaweza."

Jumanne, 6 Agosti

Mvua inapiga bati la karavani. Jana nilikaa kwenye hema kubwa na watu elfu moja na mia kadhaa, mshairi akavishwa joho, baragumu zikapigwa, watu wote wakasimama. Kulia kwangu kulikuwa na kiti kitupu. Mama mmoja akaniuliza, "Kuna mtu hapa?" Nikasema ndiyo, yupo. Sijui kwa nini. Mama wa watu akabaki amesimama saa nzima nami nikaona aibu kugeuza shingo.

Alhamisi, 8 Agosti

Tudur amenipigia huku huku. Darajani 610! Kwa mara ya kwanza. Alikuwa anapiga kelele kama aliyefunga goli la ushindi.

Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nafikiri ni nani aliyejaza chupa.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilirudi Jumamosi. Jumatatu nikateka mwenyewe. Darajani 3,900.

Akiteka Idwal, 610. Nikiteka mimi, 3,900. Maji ya chupa yake aliyatoa wapi? Bombani, au juu ya shamba lake kwenye maji safi.

Ijumaa, 16 Agosti

Ngoja niandike kama ilivyokuwa, kwa kuwa sipendi jinsi ninavyoikumbuka.

Mkutano ulianza vizuri. Nesta alikuwa ameleta bara lawr, ule mwani uliopikwa, akausukuma upande wa wakulima, jambo ambalo halijatokea tangu fungu lifungwe. Ile 610 ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ubao, imezungushiwa duara. Mtu mmoja alimpiga Idwal begani. Idwal alikuwa amevaa tai. Tangu mazishi ya Gwilym sijamwona na tai.

Ndipo nikasimama. Nilisoma namba zote kutoka kwenye daftari, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile niliyokuwa nawasomea watu sheria za vifurushi. Nikasema: "Namba hiyo moja sikuiteka mimi. Iliyofuata, niliyoiteka mimi, ni 3,900. Idwal Pant-glas atuambie maji yake aliyachota wapi."

Idwal aliweka kikombe chini taratibu.

"Niliyachota darajani."

"Unaapa?"

"Meinir."

"Nakuuliza kama unaapa. Hapa kanisani."

"Miaka yote hii unanijua," alisema. "Sitaapa."

"Basi wewe ni mwizi wa maji," nikasema, na neno likishatoka halirudishwi.

Nesta akainuka akafuta ubao kwa mkono wa sweta lake. "Nilijua," alisema. "Nilijua tu. Na nimempikia!" Akachukua bakuli lake. Wakulima wakatoka mmoja mmoja. Idwal alitoka wa mwisho, akiivua tai yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na haki yangu yote. Nikala viazi vya jana nimesimama.

Ijumaa, 23 Agosti

Hakuna maziwa.

Ijumaa, 30 Agosti

Hakuna maziwa. Nimenunua ya dukani. Leo sikusema neno hata moja kwa sauti isipokuwa kwa paka, naye alitoka nje.

Darajani 4,400.

Jumatano, 4 Septemba

Tudur ameamua kumaliza maneno. Alikuja na pakiti za rangi, unga mwekundu ambao ukigusa maji unageuka kijani kikali. Tulikwenda Pant-glas pamoja. Idwal alitufungulia geti bila salamu. Tudur alimimina rangi kwenye mifereji yote ya zizi la kukamulia, kisha tukasimama darajani tukitazama saa. Tulisimama pale kwa saa tatu nzima. Kijito kilipita kikiwa na rangi yake ileile ya chai. Kijani yote ilikuwa imeishia kwenye dimbwi la samadi, chini ya kifuniko, mahali inapotakiwa.

"Basi si yeye," Tudur alisema.

"Basi ni nani?"

Alitazama juu ya mto, akatazama chini, akatazama paa la nyumba yangu, akashusha macho haraka kama mtu aliyechungulia bafuni. "Tutaona," alisema. Alikunywa chai kwangu, na alipoondoka kulikuwa na pakiti moja ya rangi juu ya meza. Huenda alisahau. Tudur si mtu wa kusahau vitu.

Jumatatu, 9 Septemba

Chupa tatu. Pakiti bado iko mezani. Nimeifunika na kofia ya birika.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimelisoma daftari hili tangu mwanzo, kama barua ya mtu mwingine. Kukiwa kavu namba inapanda. Mvua ikinyesha sana inashuka kidogo. Na kuna wiki moja tu ilipoanguka kabisa, wiki ya Eisteddfod. Nimekuwa nikisema wiki ile aliteka Idwal. Lakini kuna jambo lingine kuhusu wiki ile, na mtoto wa darasa la pili angeliona. Mimi sikuwepo. Hakuna aliyevuta maji chooni kwangu siku zote zile.

Nimetoa kofia ya birika juu ya pakiti. Nimeirudisha.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilifanya asubuhi, mchana kweupe, kwa kuwa mambo ya kujificha sikuyaweza hata nilipokuwa kijana. Nilimimina pakiti nzima chooni, nikavuta maji mara tatu, nikavaa gambuti, nikateremka darajani.

Nilikuwa namwomba Mungu, naandika hivi bila aibu. Niliomba maji yabaki na rangi ya chai. Niliomba mharibifu awe mtu mwingine, yeyote, hata mchungaji.

Dakika kumi na nane. Rangi ilitokea chini ya mizizi ya mti, hatua kumi juu ya daraja, mahali nilipopita kila Jumatatu. Kwanza uzi mwembamba, kisha upana wa mkono, kisha kijito kizima kikawa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, kikashuka kuelekea baharini, kwenye fungu la Nesta. Nilikaa chini kwenye majani mabichi.

Nilisikia trekta ikizimwa. Idwal alikuja akasimama upande wa pili, mikono mfukoni. Wiki nne hatukuwa tumesemeshana.

"Rangi yako hiyo?" aliuliza.

"Yangu. Una haki ya kucheka."

"Sicheki."

Nikamtazama vizuri, nikaona kwamba hakushangaa hata kidogo. "Ulijua," nikasema.

"Bomba nililitandika mimi, Meinir. Gwilym alichimba, mimi nikatandika. Tulitaka maji yapotelee kwenye kokoto shambani, kama inavyotakiwa, lakini tukagonga mwamba. Siku tatu tunaupiga, nyundo inaruka tu. Akasema, tuyaelekeze mtoni kwanza, mwakani tutarekebisha. Meinir asijue, atanila nyama."

"Ningemla kweli."

"Ndiyo maana."

"Miaka thelathini na mitano, Idwal!"

"Mwakani yake haikufika. Na wakati ule kila mtu alielekeza mtoni, nani alijali? Tangi lilikuwa zima, maji yalitoka yamechujwa kiasi. Siku hizi nadhani limepasuka ndani."

"Ungesema."

"Julai nilisema."

"Uliuliza kama mtu anayeuliza bei ya viazi!"

"Na ukanijibu kama nimemtukana marehemu. Nikaona, ngoja, nitamwambia akirudi kutoka Eisteddfod, namba ikiwa imejionyesha yenyewe. Nilivaa mpaka tai. Ukaniita mwizi mbele ya kanisa." Alipiga teke jiwe likaingia kwenye kijani. "Hapo nikasema, basi, na ahangaike mwenyewe."

"Na Nesta je? Naye ahangaike?"

Alitazama gambuti zake.

Aliondoka, nami nikabaki mpaka maji yaliporudi rangi yake. Nilimkasirikia Gwilym leo, kwa mara ya kwanza tangu afariki. Nilimgombeza kwa sauti jikoni, jina lake lote, rafu alizozipima mara tatu na bomba ambalo hakulipima hata mara moja. Ilikuwa karibu kama kuwa naye chumbani. Kisha nikamaliza, na hakunijibu, na nimemkosa leo kuliko siku ya mazishi.

Ijumaa, 20 Septemba

Nilisimama tena ukumbini, mahali palepale. Safari hii nilisoma karatasi moja, fomu yangu ya Juni: "Nzuri sana. Lilijengwa na mume wangu." Nikaeleza rangi ilitokea wapi. Nikasema Idwal aliteka darajani na hakudanganya, na kwamba mwizi wa maji ni mimi. Kisha nikakaa.

Bomba alilolitandika sikulitaja. Aliinuka akalitaja mwenyewe.

Nesta hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Majira mawili ya joto," alisema polepole. "Nimefua mashuka ya watu majira mawili ya joto, Meinir, na wewe ulikuwa unakuja pale mdomoni mwa kijito na chupa yako, unaniambia pole."

"Ndiyo."

"Na pole yako niliipokea."

"Najua, Nesta."

Akavaa koti akatoka. Baada yake, mtu mmoja wa upande wa dirishani akaomba fomu yake arekebishe jibu. Kisha mwingine. Tudur alirudishiwa fomu kumi na moja zilizorekebishwa.

Jumanne, 24 Septemba

Idwal amekuja na katapila. Tangi limepasuka ubavu mzima, na mwamba upo pale pale aliposema. Choo changu kimefungwa tangu mkutano, leo siku ya nne. Kwa hiyo natembea hadi Pant-glas na taulo begani, mara tatu kwa siku, nikipita katikati ya ng'ombe niliowatukana.

Jikoni kwake hakuna pazia. Kuna kiti kimoja mezani. Leo jioni nimekuta ameleta cha pili kutoka zizini, amekipiga brashi. Nimekikalia.

Ijumaa, 27 Septemba

Maziwa.

Jumatatu, 30 Septemba

Chupa za mwisho. Namba ya wiki iliyopita, choo kikiwa kimekaa kavu tangu mkutano, Tudur alinisomea taratibu: 1,150. Ya leo anatumaini itakuwa chini ya mia tisa. Haitasaidia kitu mwaka huu. Wiki moja safi haitoshi kwa sheria, kwa hiyo fungu litabaki limefungwa na kupima kutaanza upya Juni. Hilo nimelifanya mimi, na hakuna namna ya kuliandika likapungua.

Pale mdomoni nilimkuta Nesta amesimama mchangani na sare ya hoteli. Nilingoja tope lipite, nikajaza chupa ya tatu huku ananitazama. Akasubiri nifunge kizibo.

"Mwakani hutateka peke yako," alisema. "Tutateka wawili. Kila Jumatatu, chupa zote tatu, tangu juu."

"Sawa."

"Si kwa kukupenda."

"Najua."

"Sikuamini tu, mama."

"Najua, Nesta. Njoo saa mbili. Nitachemsha chai."

Alitazama viatu vyake vya kazini vilivyoloa, akasema hana gambuti, alizigawa fungu lilipofungwa.

Gambuti za Gwilym ziko nyuma ya mlango miaka mitatu na nusu, vidole vimeelekea ukutani kama alivyoziacha. Jioni hii nimeziosha ndani na nje, nikazigeuza zitazame mlango. Nesta akivaa soksi jozi mbili zitamkaa.